Betri Nne Njia ya Kwa Mtoro

Mtu wa pwani akivuka mahandaki ya Kilosa ndani ya treni ya umeme, macho yake hukosa pa kuegemea. Minazi aliiacha zamani, na sasa hata migomba inakwisha. Ukifika Gulwe ardhi imeshageuka rangi ya tofali, miti yote ni ya miiba, na mibuyu imesimama mbalimbali bila jani hata moja. Ilikuwa Oktoba, kiangazi kimekomaa. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, na kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 600 hivi, mwaka mwingine pungufu. Siku niliyofika hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

Treni yenyewe hunywa volti 25,000 kutoka kwenye waya uliopita juu yake. Ilianza kufika Dodoma Julai 2024, na tangu hapo watu wa Dar es Salaam tumepata jeuri ya kusema Dodoma ni karibu. Mimi sikuwa nimewahi kufika. Nilikuwa nakwenda mbele zaidi ya mji, mahali ambapo umeme wa watu wengi ni volti kumi na mbili, na hizo nazo hazitimii kila siku.

Mwenyeji wangu, fundi sola wa miaka mingi, alinipokea kwa maneno machache: "Karibu makao makuu, kaka. Lala mapema, kesho alfajiri tunayaacha."

Hatukuyaacha alfajiri. Safari za mafundi huanzia gereji, na gereji haina alfajiri. Tulipitia karakana moja ya malori nje kidogo ya mji, fundi akachukue nyaya nene za betri alizoagiza. Hapo akakamatwa na dereva wa lori la mizigo mwenye malalamiko: amenunua betri mpya juzijuzi, na leo lori limesukumwa na watu ndipo likawaka.

Lori kubwa hutumia volti 24. Hakuna betri ya volti 24 pale ndani, kuna mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano, yaani chanya ya moja imeungwa na hasi ya mwenzake, na lori linachukua ncha mbili zilizobaki. Volti zinajumlishwa. Uwezo wa kutunza moto haujumlishwi: betri mbili za ampea-saa 200 zikifungwa hivyo zinabaki kuwa 200, ila kwa volti 24. Fundi alifunua boksi la betri, akachungulia, akacheka peke yake. Kutoka kwenye betri moja tu palikuwa na waya mwembamba mwekundu uliopanda hadi kwenye kabini.

"Redio?"

"Redio, fundi. Na chaji ya simu, na kale kafeni ka usingizi."

Vyote hivyo ni vya volti 12. Dereva, kama wenzake wengi wa masafa marefu, aliona betri moja ina volti zile zile anazozitaka, akachomeka. Usiku kucha betri hiyo inanyonywa na mwenzake amekaa tu. Asubuhi injini ikiwaka, jenereta ya lori inatuma mkondo mmoja unaopita katika betri zote mbili, kwa kuwa kwenye mfuatano hakuna njia ya pembeni. Iliyokuwa imejaa inaendelea kujazwa mpaka inatokota maji yake, na iliyonyonywa inaachwa kabla haijashiba, kwa sababu kirekebisha chaji kinaangalia jumla ya mbili na kuona kazi imekwisha. Hivyo moja inakufa kwa njaa na ya pili kwa kuvimbiwa. Dereva alibadilisha moja, ile iliyokauka maji, akaacha ile yenye njaa palepale, na waya wake wa redio juu. Fundi alimwambia anunue kipunguza volti, kile kiboksi kinachochukua 24 zote mbili na kutoa 12, na abadilishe betri zote mbili kwa pamoja. Dereva alisikiliza nusu ya kwanza ya ushauri. Nusu ya pili ilikuwa ghali.

Tukashika njia ya kaskazini. Msalato, Veyula, kisha Makutupora, ambako chini ya ardhi kavu kuna maji ambayo mji wa Dodoma umekuwa ukiyanywa kwa miaka mingi kutoka visima vya Mzakwe. Mashamba ya zabibu yalionekana mara mojamoja, kijani cha kushtukiza. Barabara hii ni ile ya zamani iliyotamaniwa kutoka Cape hadi Cairo. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa kikiwa lami kamili mwaka 2018. Fundi anaikumbuka ilivyokuwa kabla ya hapo. Anasema betri za maji alizokuwa anazipeleka Kondoa zilifika zimepungua maji na yeye ameongezeka vumbi.

Tulipita Haneti, kwenye vilima vyenye mawe ya kijani ya vito, tukanunua ubuyu na maji, halafu mbele ya hapo tukaiacha lami na kukamata njia ya vumbi ya magharibi, upande wa Farkwa na Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba. Mto Bubu tuliuvuka kwa magurudumu makavu. Oktoba mto huo ni mchanga mtupu, na akina mama walikuwa wamechimba visima vidogo katikati ya mkondo, wanachota kwa kata. Punda wamesimama wanasubiri madumu. Baada ya mto, lugha zinabadilika: Kigogo tulikiacha nyuma, Kirangi kinasikika, na kwenye duka moja tulilosimama wazee wawili walikuwa wanazungumza Kisandawe chenye vidoko vyake. Nilisimama kusikiliza kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kijiji tulichokwenda sitakitaja jina. Nguzo za umeme zimeshafika katikati yake, kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2005. Lakini kitongoji cha mama aliyetuita kiko mbali na nguzo, na yeye hakusubiri. Ana kibanda cha bati. Mchana kinachaji simu na kunyoa nywele. Usiku kinaonyesha mpira kwa projekta. Nusu ya vijana wa kitongoji wanakula kwa macho pale ndani, Simba na Yanga zikicheza ndiyo usiseme.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni, ila mmechelewa. Jana kimezimika dakika ya sabini, nusura wanivunjie bati." Akamgeukia fundi. "Mwanangu, nilianza na betri mbili, nikawa nafika mpaka mwisho wa mchezo. Nimeweka nne, sifiki. Hesabu gani hiyo?"

Fundi hakugusa kitu hadi tulipokula. Ugali wa uwele, mlenda, na nyama ya mbuzi ya kuchoma. Naandika hivi kwa sababu mlenda wa Dodoma ulinishinda kwa siku ya kwanza na siku ya pili nikauomba mwenyewe.

Betri zilikuwa chini ya meza nyuma ya kibanda. Mbili za kwanza zilinunuliwa pamoja, za umri mmoja, zimefungwa kwa mfuatano zikatoa volti 24 za inveta, kile kigeuzi kinachoufanya umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Baadaye mambo yalipokuwa mazito, mtu akamshauri aongeze mstari wa pili, nao wa mbili, uungwe sambamba na ule wa kwanza: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Sambamba haiongezi volti, inaongeza ampea-saa. Kwenye karatasi, mama alikuwa ametoka ampea-saa 200 hadi 400 kwa volti ileile. Kwenye mstari huo mpya moja ni mpya kweli, ya duka, na ya pili ilitoka kwenye lori la kaka yake "ikiwa bado nzuri".

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu ya utosi. Kontrola, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri, kilionyesha volti 28.8. Hiyo ndiyo namba inayotakiwa: kila betri ya asidi yenye volti 12 ikichajiwa hupandishwa hadi kama 14.4, na mbili zikawa 28.8. Mama akafurahi. Fundi akatoa mita na kuanza kupima betri mojamoja, akinisomea niandike. Mstari wa kwanza: 14.3 na 14.5. Vizuri. Mstari wa pili: betri mpya 13.2, betri ya lori 15.6.

Nikajumlisha kwenye daftari. 13.2 na 15.6 ni 28.8. Kontrola hakikudanganya. Kinaona ncha mbili za mwisho tu, na kwenye ncha hizo hesabu ni sahihi kabisa. Katikati ndiko kulikooza. Betri ya lori imechakaa, tumbo limekuwa dogo, inajaa mapema na volti yake inaruka juu. Unapofungua kizibo unasikia inachemka, na ile harufu ya asidi inakuwasha pua. Mpya ina tumbo kubwa, bado inahitaji, lakini jumla imeshafika na kontrola kinapunguza mkondo. Mkondo unaopita kwa mzee ndio huohuo unaopita kwa kijana, kwa hiyo hakuna namna ya kumpa mmoja zaidi.

Mzee mmoja jirani, aliyekuwa amekaa kwenye gogo akitutazama, alituliza mjadala. "Ni punda wawili, mkokoteni mmoja," alisema. "Ukimfunga kilema na mzima, mzima hatembei mwendo wake." Fundi alikubali, akaongeza kwamba huyu kilema usiku hufanya vibaya zaidi.

Tukasubiri usiku tuone. Saa nne usiku, inveta ikiwa imeshaanza kulia, jumla ilikuwa 21.6. Betri za mstari wa kwanza zilikuwa 10.9 na 10.7, zimekwisha zote mbili kwa heshima. Kwenye mstari wa pili, betri mpya ilisoma 12.3. Bado ina moto mwingi. Mwenzake 9.3. Mama alikuwa amenunua betri nzima ambayo moto wake haukuweza kutoka. Betri iliyochoka kwenye mfuatano ikiendelea kulazimishwa, seli zake dhaifu zinaweza hata kugeuzwa, chanya ikawa hasi, na hapo hairudi tena. Na betri za kuwashia magari zina bamba nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha zijazwe mara moja. Kuzishusha kila usiku ni kuzimaliza.

Lakini kwangu jambo zito zaidi lilikuwa kwenye bati. Juu ya kibanda palikuwa na paneli mbili za wati 150. Zilikuwa mbili tangu mwanzo. Jua la kanda hii ni kali, tuseme linatoa kama saa tano za nguvu kamili kwa siku: hiyo ni wati-saa 1,500, kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Betri nne za ampea-saa 200 zikiwa tupu zinameza wati-saa 9,600. Zingehitaji zaidi ya siku sita za jua bila mtu kuwasha hata taa. Mama anatumia kila usiku karibu kila kinachoingia. Kwa hiyo betri zake hazijawahi kujaa tangu ziwe nne. Na betri ya asidi ikishinda bila kujaa, bamba zake zinajengeka ukoko wa salfeti ya risasi; ukoko ukikaa muda mrefu unakuwa mgumu, na chaji haiutoi tena.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa, na si vijijini tu. Ukifunga betri zako kwa mfuatano au sambamba, hazina yake kwa wati-saa ni ileile. Nne za mama kwa volti 12 zingekuwa ampea-saa 800. Kwa volti 24 ni 400. Zidisha, utapata 9,600 kote kuwili. Kwa mfuatano chaja inatakiwa itoe volti nyingi zaidi. Kwa sambamba inatakiwa itoe ampea nyingi zaidi, maana mkondo unagawanywa. Paneli haijali umefungaje, kinachotoka juani ni kilekile. Faida ya volti 24 ni nyingine: mkondo unakuwa nusu, na joto linalopotea kwenye waya linashuka hadi robo.

Nilimuuliza fundi kama sambamba basi ndiyo salama, kwa kuwa kila mmoja anakula kwa nafasi yake. Akachukua mita ya kubana waya, akabana mstari wa kwanza wakati wa jua: ampea saba. Wa pili: tatu. Nyaya za kontrola zote mbili zilikuwa zimefungwa kwenye mstari wa kwanza, na ule wa pili umeunganishwa kwa waya mwembamba wa kuzungushia nyumba. Umeme hupita pepesi. Mstari ulio karibu unachajiwa zaidi na unatumika zaidi, wa mbali unadumaa. Dawa yake haina gharama ikiwa betri zinalingana: chanya ya kontrola ifungwe kwenye mstari wa kwanza, hasi yake kwenye mstari wa mwisho, ili kila mstari uvuke urefu uleule wa waya. Kwenye shule moja ya Kondoa, aliniambia, hicho ndicho alichofanya na kuondoka, hakuuza kitu.

Mchezo huu wa mfuatano na sambamba ni wa zamani kama betri zenyewe. Gaston Planté, Mfaransa aliyetengeneza betri ya kwanza ya asidi na risasi ya kuchajiwa upya mwaka 1859, hakuwa na chanzo kikubwa cha umeme. Alizifunga betri zake sambamba wakati wa kuzichaji, ili volti chache alizokuwa nazo zitoshe, kisha akazigeuza kwa mfuatano wakati wa kuzitumia apate volti nyingi. Leo hakuna wa kumfanyia mama kazi hiyo kila jioni kabla ya mpira.

Lipo na joto. Kibanda cha bati saa nane mchana kinakaanga. Betri za asidi zinapimwa uhai wake kwa nyuzijoto 25. Kila nyuzi kumi juu ya hapo, uhai unapungua kama nusu. Ndani ya joto betri inatakiwa ichajiwe kwa volti pungufu kidogo, na kontrola nyingi nzuri huja na kiwaya cha kupima joto cha kubandika ubavuni mwa betri. Cha mama kilikuwa bado kwenye boksi, kimefungwa na nailoni yake. Fundi aliyemfungia hakuona umuhimu.

Asubuhi yake kazi ilifanyika bila maneno mengi. Betri ya lori ikatolewa. Mpya ikatengwa, ikawekewa paneli ndogo na kontrola yake ya volti 12 kwa ajili ya taa, mashine ya kunyolea na simu. Mama alilalamikia bei ya paneli kwa muda wa chai nzima, na alikuwa na haki. Zile mbili za umri mmoja fundi alizifungua, akaongeza maji ya betri, akazichaji mojamoja peke yake polepole mpaka kila moja ikashiba, ndipo akazirudisha kwenye mfuatano na nyaya nene alizozichukua mjini. Zikahamishiwa upande wa kivulini, nje ya bati, kwenye kijumba cha tofali chenye matundu ya hewa. Kijana wa mama, anayesoma Dodoma, alipiga simu akitaka tuweke lithiamu. Fundi hakupinga. Alimwambia tu kwamba nazo zinadai adabu ileile: zikiwa za mfuatano, kila moja ijazwe kwanza kivyake, na ikichoka moja, ulinzi wake wa ndani unakata zote.

Tuliondoka siku mbili baadaye. Kabla ya kuondoka tuliangalia mpira hadi filimbi ya mwisho, kwa betri mbili, na inveta haikulia.

Betri ya lori tulirudi nayo kwenye pikapu hadi mjini. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri kama ile ni risasi, na wanunuzi wa chuma chakavu wanaipima kwa kilo. Njiani watoto watatu walituomba tuwaachie, wanajua kuipasua. Nakuomba, msomaji, kama una betri iliyokufa nyuma ya nyumba, usiwaachie watoto na usiimwage asidi yake karibu na kisima. Ipeleke ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi, na ukinunua nyingine, nunua jozi.